Mahali Maji Yanapofika

Katika mji ule sheria ilikuwa na subira ya miaka saba. Ukuta ukijengwa, na miaka saba ikapita bila mtu kusimama mbele ya Baraza la Mipaka akaukanusha, makarani huufuta kwenye orodha ya kuta na kuuandika kwenye orodha ya milima. Na mlima hauulizwi umefika lini wala nani aliuruhusu. Watoto hufundishwa jina lake shuleni pamoja na majina ya mito. Mji ulikuwa na milima minne ya namna hiyo tayari: mmoja zamani ulikuwa uzio wa bustani, miwili ilikuwa mageti, na wa nne, tafadhali usicheke, ulikuwa kamba ya kuanikia nguo ambayo mwenyewe alisahau kuifungua akahama.

Ukuta wa pwani ulikuwa umebakiza siku moja tu. Ulianzia jabali la kushoto ukaishia jabali la kulia, na kati ya majabali hayo mawili ndipo ilipokuwa pwani pekee ya mji. Upande wa huku kulikuwa na nyumba, vichochoro na watu. Upande wa kule kulikuwa na mchanga wote, na baada ya mchanga, bahari. Mwenye Ukuta hakuna aliyewahi kumwona. Wengine walisema ni mtu mmoja, wengine walisema ni watu wengi wanaotumia kofia moja kwa zamu. Kilichojulikana ni kwamba ana hati, na hati yake inasema mchanga ule ni nchi kavu, kwa sababu bahari haifiki hapo. Bahari inaishia mbali kule chini, penye kigingi. Mtu wa mji ule ule alikuwa ameshuhudia hivyo na kukipigilia kigingi kwa mkono wake.

Mtu huyo, asubuhi ninayoisimulia, alikuwa amesimama mbele ya darasa akifundisha wananchi haki yao ya pwani.

Watu walimwita Mwalimu. Jina lake nitalitaja litakaporudi, kwa maana lilikuwa limepotea, na halikupotea peke yake. Zamani, kila Siku ya Mwaka, mji mzima ulikuwa ukiteremka pwani kuoga. Mtu aliingia majini mpaka kifuani, akalitamka jina lake na la babake kwa sauti, na maji yakamrudishia. Hakuna aliyejua kwamba desturi ile ilikuwa na kazi. Walidhani ni furaha tu, na ubwabwa baadaye. Ukuta uliposimama, mwaka wa kwanza walipoteza majina ya utani. Mwaka wa pili yakaenda majina ya mababu. Mwaka wa tano mtu alikuwa akikuta barua mlangoni na kushindwa kujua kama ni yake. Sasa waliitana kwa kazi: Msusi, Fundi Cherehani, Muuza Mbaazi. Asiye na kazi aliitwa "wewe". Na mji uliosahau majina yake ulisahau pia nani alikuwa nani, nani alikaa wapi na nani alishuhudia nini. Hati ilimtaja shahidi kwa cheo tu, Mwangalizi wa Maji, na hakuna aliyekumbuka cheo hicho kilikuwa cha nani. Kusahau kule ndiko kulikomfunika Mwalimu. Kila jina lililozama mjini lilimwongezea yeye shuka moja ya kujifunikia, naye alijifunika huku akilia kwa ajili ya majina.

Darasa lilikuwa katika banda la zamani la mnada wa samaki. Samaki hawakuwapo tena ila harufu yao ilikuwa haijaambiwa. Mwalimu alikuwa amechora bahari kwa chaki sakafuni, na wananchi arubaini na kitu walikaa kuizunguka. Alishika kamba ya usumba wa nazi yenye mafundo, akawauliza kama alivyowauliza kila asubuhi.

"Pwani ni ya nani?"

"Ya wote."

"Kutoka wapi hadi wapi?"

"Kutoka maji yanapokauka hadi maji ya bamvua yanapofika."

Walijibu vizuri, kwa mpigo mmoja, mpaka kunguru wakaruka kwenye bati. Msusi alikuwa akilijua somo lote kwa moyo. Fundi Cherehani alilishona kwenye kitambaa akakitundika dukani. Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba bamvua ni maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanayopanda mpaka juu, na kwamba maji mafu ni yale madogo ya siku za kati yake, mwezi ukiwa nusu, yanayopanda kivivu na kurudi. Aliwafundisha kwamba mtu akitaka kuijua pwani asiiulize siku ya maji mafu. Hilo alilifundisha kwa ukali wa pekee, mpaka jasho likamtoka, na watu wakaona jinsi mwalimu wao anavyoipenda kweli. Maskini, alidhani kuufundisha ukweli ni sawa na kuusema.

Pembeni mwake palikuwa na kiti cha kukunja, cha turubali la kijani. Alikuja nacho kila siku, akakikunjua, na hakukikalia hata mara moja. Miaka yote alifundisha amesimama, magoti yakimuuma. Watu walilisifu jambo hilo. Walisema mwalimu wetu ana adabu, hakai juu wakati sisi tumekaa chini. Siku moja walimtungia hata wimbo mfupi juu ya kutokaa kwake, nao ukaimbwa mbele yake, naye akatazama vidole vya miguu yake tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Mbele kabisa, miguu ameinyoosha juu ya bahari ya chaki, alikaa dada yake, Mize. Huyu ndiye mtu pekee mjini aliyebaki na jina, na hakuna aliyejua kwa nini. Zamani alikuwa msokota kamba. Alizika makumbi ya nazi mchangani, katika mashimo yanayofikiwa na maji, akayaacha miezi yalainike, kisha akayafukua, akayaponda, akatoa usumba na kuusokota. Kila mwanamke mwenye shimo aliweka kigingi cha mkoko chenye alama yake. Sasa makumbi yake yalikuwa upande wa kule, naye alisokota kamba za nailoni kutoka kwenye magunia mabovu, kamba zilizoteleza mikononi na kumkata. Kila asubuhi, wenzake wakishamaliza kujibu, Mize aliinua mkono.

"Mwalimu, na hayo maji ya bamvua yanafika wapi hasa?"

Na kila asubuhi Mwalimu alisema ni swali zuri, watalirudia. Siku hiyo alisema hivyo hivyo. Lakini Muuza Mbaazi, mtu asiyependa kusumbua, akasimama na kueleza kwa upole kwamba kesho haitakuwa na kurudia. Kesho ni Siku ya Mwaka, na ni bamvua, na miaka saba inatimia alasiri. Baraza litakuja ukutani kuuliza mara moja tu kama yuko anayekanusha. Na sheria, kama Mwalimu mwenyewe alivyowafundisha, haimsikilizi yeyote isipokuwa yule aliyepigilia kigingi. Kwa hiyo wamepanga kumtafuta huyo Mwangalizi wa Maji leo, nyumba kwa nyumba, na wanamwomba Mwalimu awaongoze, maana yeye anaheshimika na hata mtu mwenye haya atamfungulia mlango.

Mwalimu akakubali. Angefanyaje? Alikubali kwa kichwa.

Wakatoka. Aliwaongoza watu arubaini kujitafuta mwenyewe. Alibisha hodi mlango mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa adabu kama aliyemo ndani aliwahi kuwa Mwangalizi wa Maji, na aliyemo ndani akajibu kwamba hakumbuki aliwahi kuwa nani. Mzee mmoja kipofu alilia, akasema huenda ni yeye, na kama ni yeye basi wamsamehe, kwa kuwa kuna jambo linalomkaa kifuani na hajui ni lipi. Watu wakamtuliza. Mwalimu naye akamtuliza, akamshika bega, akamwambia, "La, baba, si wewe." Akasema kwa uhakika mno, mpaka Mize akageuka akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Ni afadhali angekuwa na hasira.

Adhuhuri watu walikwenda kula. Mwalimu alibaki peke yake, kiti kikiwa kwapani, akitembea kando ya ukuta saa ile ambayo kivuli huingia chini ya mtu kisionekane. Na ukuta wakati wa adhuhuri ulikuwa na tabia ya kuwa mwembamba. Aliona kupitia kwake kama mtu anavyoona kupitia shuka lililoanikwa. Aliona mchanga, na mchangani asubuhi nyingine, saa nne, mwezi una siku saba, maji mafu yamepanda mpaka pale yanapoweza na kuchoka. Kulikuwa na Mpimaji wa Mwenye Ukuta, aliyevaa viatu vyeupe. Kulikuwa na mtu wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi kwa ajili ya wageni. Na kulikuwa na kiti cha kijani, kimekunjuliwa.

Hiyo ndiyo habari yake yote. Zamani Mwalimu alikuwa akiangalia mlingoti wa kupimia maji, kazi aliyorithi kwa babake. Kazi hiyo ilimsimamisha juani maisha yake yote, mbele ya watu waliokaa. Walikaa watu wa bandari, wakakaa watu wa ofisi, naye akasimama kusoma alama na kusema. Mpimaji alipokuja alimwona, akavuta kiti, akakipangusa kwa leso yake na kusema, "Karibu ukae, bwana mtaalamu." Hakuna aliyewahi kumpangusia kiti. Alikaa. Turubali lilimpokea vizuri. Mpimaji akachuchumaa mchangani, naam, akachuchumaa yeye, akamuuliza bahari inafika wapi. Jibu la kweli lilikuwa fupi: rudi baada ya siku nane. Lakini kumwambia hivyo kulikuwa na maana ya kusimama. Kumwambia mgeni aliyekuita mtaalamu kwamba kazi haifanyiki leo, umpe safari nyingine, umwone anakunja kiti chake na kuondoka nacho. Basi akanyoosha mkono kutoka pale pale alipokaa, akauonyesha mstari wa mwani uliokuwa bado una unyevu. "Pale," alisema. Na wakati Mpimaji alipotafuta kigingi asione, yeye akainuka, akakichomoa kimoja kilichokuwa mchangani karibu naye, akaenda kukipigilia penye mwani kwa jiwe, akarudi kukaa; nacho kiti Mpimaji akamwachia.

Mwalimu alisimama huku akiyatazama hayo ng'ambo ya ukuta. Akamwita yule aliyekaa. Alitaka kumwambia inuka. Hakuwa na jina la kumwitia. Akasema wewe, wewe, akagonga ukuta kwa kiganja, na yule akageuka, uso umejaa furaha ya mtu aliyetambuliwa, akamwuliza, "Na wewe umekuja kukaa? Kiti ni kimoja tu, ndugu yangu."

Kisha kivuli kikatoka chini ya miguu, na ukuta ukawa mzito tena.

Kwa kiti, Mwalimu alijiambia.

Kama ningeiuza pwani kwa dhahabu ningeeleweka. Watu wangesema tamaa. Tamaa ina heshima yake, inatungiwa hadithi. Nani atatunga hadithi ya turubali?

Na kigingi. Alama tatu, mikato mitatu ya kisu. Nilikiona mkononi mwangu. Niliiona mikato. Niliona.

Jioni ile dada aliniuliza tukila, mdogo wangu, hukukiona kigingi changu? Nikamwambia labda bahari imekichukua.

Bahari. Nikamsingizia bahari, na kinywani nina samaki.

Alirudi nyumbani, akakuta Mize ameketi kizingitini akisokota nailoni. Mize alikuwa ameacha kumwita kwa jina tangu jioni ile ya kigingi, na Mwalimu siku zote alijiliwaza kwamba dada, kama wote, amesahau. Mize alimpa maji ya kunawa. Alimpakulia. Akamwuliza kama kiti kile kinamchosha kukibeba, maana ni miaka mingi sasa, na bega lake moja limeshuka. Mwalimu akasema hapana, kimezoeleka. Mize akaitikia "Haya," akaendelea kusokota, na damu kidogo ikawa inatoka kwenye kidole chake cha shahada bila yeye kuitazama.

Siku ya Mwaka, alasiri, mji mzima ulisimama chini ya ukuta. Wajumbe watatu wa Baraza la Mipaka walikuja na meza yao, na juu ya meza wakaweka kisanduku cha kioo. Ndani ya kisanduku kulikuwa na Kigingi cha Kwanza. Kilikuwa kimeng'olewa pwani na kutunzwa kama ushahidi, na mahali pake likawekwa jiwe. Miaka saba hewani kilikuwa kimekauka na kupasuka, lakini mikato mitatu ilionekana wazi kabisa, na watu walipita mmoja mmoja kukitazama kama wanavyotazama maiti ya mtu mkubwa. Mize alipita pia. Alikitazama kwa muda mrefu, akaenda kusimama na wenzake.

Chini ya ukuta, karibu na meza, palikuwa na tundu la kutolea maji machafu. Alasiri ile lilikuwa likitiririka, na wajumbe walisogeza viatu vyao. Muuza Mbaazi alinong'ona kwamba Mwenye Ukuta anaoga, hata leo. Ndivyo watu walivyoamini: kila baada ya siku kadhaa tundu lilitoa maji, nao waliyaruka na kuziba pua, ingawa hayakunuka.

Mjumbe wa kati, mwenye sauti kavu, akasoma. Ukuta huu umesimama miaka saba. Je, yuko aliyepigilia kigingi hiki, naye anakanusha? Akasema ataliuliza mara tatu kwa sababu ya adabu, ingawa sheria inataka mara moja. Aliuliza mara ya kwanza. Watu wakatazamana, kila mtu akimtafuta mwenye hatia katika uso wa jirani yake, na wengine wakijitafuta wenyewe. Akauliza mara ya pili. Yule mzee kipofu akainua mkono wake, polepole, akasema, "Nadhani ni mimi."

Hapo ndipo Mwalimu alipovunjika. Alikuwa ameweza kuubeba uongo wake mwenyewe kwa miaka saba. Kumwona mtu mwingine akiunyooshea mkono, mtu asiyeona hata anachokipokea, hakuweza. Akatoka mbele na kiti chake kwapani. Watu wakampisha kwa heshima, wakidhani anakwenda kumtetea mzee. Akakikunjua kiti mbele ya meza, akakikalia. Umati ukashtuka. Hawajawahi kumwona amekaa.

"Nilikuwa nimekaa hivi," alisema. "Kiti ni hiki hiki. Ilikuwa siku ya maji mafu, nami nilijua kwamba ni maji mafu. Niliulizwa bahari inafika wapi, nikaonyesha kwa kidole bila kuinuka, kwa sababu nilikuwa nimekaribishwa kiti. Nimewafundisha mambo yote isipokuwa hilo. Nakanusha."

Hakuna aliyemtukana. Maji ya tundu yalisikika yakitiririka. Msusi alijifunika uso kwa kanga. Fundi Cherehani alitazama pembeni, kama mtu aliyemkuta mwenzake akivaa nguo. Wale waliotunga wimbo wa kutokaa kwake walikuwapo pale, na sasa wimbo wao uliwarudia kichwani, na wao pia wakaona haya, haya ya watu waliompa mtu sifa asiyokuwa nayo na kuila pamoja naye. Mwalimu aliyaona hayo yote kutoka kwenye kiti. Masikio yalimwaka. Alitamani ukuta uwe mwembamba tena aingie ndani yake.

Mjumbe akakohoa. Alisema Baraza limesikia, ila lina swali moja la kawaida, ili karani aandike. Anayekanusha ni nani? Jina lake na la babake.

Mwalimu akafungua kinywa. Hakukuwa na kitu. Alitafuta mahali palipokuwa na jina, kama mtu anavyopapasa mfukoni, akagusa pale pale palipo patupu. Akasema yeye ni Mwalimu. Mjumbe akatikisa kichwa kwa huruma. Walimu ni wengi. Akasema alikuwa Mwangalizi wa Maji. Mjumbe akasema hicho ni cheo. Sheria haiwezi kupokea ukanusho wa cheo. Karani akainua kalamu na kuiweka chini. Jua lilikuwa likiteremka, na mjumbe wa kushoto tayari alikuwa ameshafungua orodha ya milima na kulamba kidole ili afunue kurasa zake.

"Mwandike Pandu."

Mize alikuwa kando ya tundu, amepiga goti moja, mkono wake wa kulia umelowa mpaka kwenye kiwiko.

"Pandu wa Vuai," alisema. "Mdogo wangu, tumbo moja. Na kigingi hicho hapo ni changu. Mikato mitatu, mmoja wa mama, mmoja wangu, mmoja wake. Nilimwona akikipigilia. Nilikuwa nyuma ya jabali la kulia, kivulini, nimepumzika kufukua makumbi."

Akaeleza mengine kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi. Kwamba kila tundu lilipotoa maji alikuja kuloweka mkono wake hapo, akayatamka majina ya nyumba yao kimyakimya, na hivyo hayakumpotea. Kwamba alilijua la ndugu yake siku zote, na hakulitaja. Alimwachia nafasi. Kila asubuhi darasani alimwuliza maji yanafika wapi, ili apate mahali pa kuanzia kusema, na kila asubuhi akarudi nyumbani na aibu ambayo haikuwa yake. Kisha akawageukia watu, akawaambia wasogee tunduni, wachote, waonje.

Msusi alionja wa kwanza. Akakunja uso, akaonja tena.

"Ni ya chumvi," alisema.

Wakapita wote, mmoja mmoja, wakiinama mahali walipokuwa wakiparuka. Ilikuwa bahari. Miaka saba bahari ilikuwa imepanda kila bamvua mpaka chini ya ukuta, ikapita penye tundu na kuingia mjini, nao waliizibia pua. Walikuwa wamelishika somo lote kwa moyo, wakalishona na kulitundika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama akaonja. Wengi walilia pale, na hawakumlilia Pandu. Mjumbe wa kati naye alichovya kidole, akakilamba. Kisha akamwambia karani aandike: ukuta umekanushwa, utabaki ukuta.

Msidhani ulianguka. Upo hadi sasa kwa sehemu kubwa, na Mwenye Ukuta ana mawakili. Lakini ukuta uliokanushwa unaruhusiwa kuulizwa, na kugongwa, na watu waliliuliza lile tundu kwa mitaimbo mpaka likawa na upana wa mtu aliyeinama. Mize alipita wa kwanza. Mji ukamfuata, ukapita kwa magoti, ukateremka mchangani kwa haraka ya watu waliochelewa shughuli. Wakaingia majini na nguo zao. Wakataja majina kwa kubahatisha, wengine walikosea, wakarudia, na bahari ikawasahihisha. Muuza Mbaazi aligundua kwamba anaitwa Time binti Kombo, akakaa chini majini kwa furaha mpaka kichwa tu kikabaki.

Pandu aliingia wa mwisho, baada ya wote kutoka. Alitamka jina lake. Maji yalichukua muda. Yalipomrudishia, yalimrudishia pamoja na ile asubuhi ya saa nne, kidole kilichonyooshwa, na jioni ya samaki, kila kitu mahali pake, wala hakuna kilichooshwa. Alipotoka alimkuta Mize ameketi kwenye shimo lake la zamani. Lilikuwa limefukuliwa. Makumbi ya miaka saba yalikuwa yamegeuka tope jeusi lisilotoa uzi hata mmoja. Alimpa ndugu yake konzi moja ayashike, akayashika. Kiti cha kijani kilibaki mbele ya meza ya Baraza, na asubuhi hakikuwapo.

Asubuhi hiyo wananchi walifika bandani kama kawaida. Pandu naye alifika, akakaa sakafuni nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali pa mgeni. Hakuna aliyemwambia asogee mbele na hakuna aliyemwambia atoke. Waliokuwa karibu naye walijikunja kidogo ili nguo zao zisimguse. Mize alisimama penye bahari ya chaki, akaifuta yote kwa mguu. Aliuliza pwani ni ya nani, wakajibu. Aliuliza kutoka wapi hadi wapi, wakajibu, ingawa safari hii kwa sauti ndogo, kama watu wanaosikia maneno yao wenyewe.

Kisha akanyoosha kidole juu ya vichwa vya wote mpaka nyuma.

"Wewe, Pandu wa Vuai. Maji ya bamvua yanafika wapi?"

Arubaini wakageuka. Uso ulimwaka, lakini akainuka.

"Sijui, dada," alisema. "Twendeni tukaangalie."